Uchungu Huu Mmeuanzisha Ninyi

Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa uzazi (AGOTA) na Chama cha Wakunga Tanzania (TAMA)



Nawaandikia juu ya mama aliyefika hospitali bila uchungu, akaanzishiwa. Huyu hakuja amejishika kiuno, akisimama kila baada ya hatua mbili. Alikuja anatembea vizuri, kadi ya kliniki mkononi, mfuko wa khanga begani, kwa sababu wiki zimepita 41 na mtoto hana habari ya kutoka, au presha imepanda na mkojo umeonyesha protini, au chupa imepasuka tangu jana na tumbo bado kimya. Mkampokea, mkampima njia, mkampa kidonge au mkamtundikia dripu. Baada ya saa chache analia, na anajibiwa kama anavyojibiwa mwenzake wa kitanda cha pili ambaye uchungu ulimkuta nyumbani akipepeta mchele: mama, vumilia, wote tumezaa hivyo.

Si wote tumezaa hivyo. Uchungu wa yule wa kitanda cha pili umekuja wenyewe, kwa wakati wake. Huu mmeuanzisha ninyi, kwa dawa yenu, kwa saa mliyoichagua, ndani ya jengo lenu. Sisemi mmekosea kuuanzisha. Nasema mwenye kuuanzisha ana deni kwa mwenye kuubeba, na barua hii ni ya kudai.

Isije ikadhaniwa napiga vita kuanzishiwa uchungu. Kifafa cha mimba hakisubiri, na hakina tiba kamili isipokuwa mtoto kutoka pamoja na kondo lake. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyefikisha wiki 41 kamili bila uchungu aanzishiwe, maana baada ya hapo hatari ya mtoto kufia tumboni inazidi kupanda. Chupa ikipasuka na uchungu usije, maambukizi yanapata njia. Wapo wanawake na watoto wengi walio hai leo kwa sababu mkunga fulani hakukubali kusubiri.

Na kazi yenu inaonekana. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Katika kipindi hicho waliojifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma walitoka asilimia 63 hadi 81. Miaka yote mlituhubiria tusizalie nyumbani. Tumekuja. Ndiyo maana sasa tuna mdomo wa kuuliza kinachotukuta humo ndani.

Mimi nimezaa kwa namna zote mbili. Wa kwanza alianzishwa, kwa ajili ya presha, katika hospitali ya serikali ambayo sitaitaja kwa kuwa ingeweza kuwa yoyote. Wa pili alikuja mwenyewe. Uchungu wa huyu wa pili uliuma, sikatai. Nilimwita marehemu bibi yangu kwa jina lake la utotoni. Lakini ulikuja ukaondoka, ukaniachia nafasi ya kumeza mate, kuomba maji, hata kumcheka mama mmoja aliyekuwa akimtukana mumewe asiyekuwepo. Ule wa dripu haukuwa na mahali pa kupumulia. Mkazo mmoja haujaisha, mwingine umeshashika.

Kidonge cha kwanza nilipewa bila jina. Nilipouliza ni cha nini, nikaambiwa ni cha kukusaidia. Dripu ilipotundikwa nilidhani ni maji tu, maana midomo ilikuwa imenikauka, nikashukuru.

Mdogo wangu alizalia Uingereza, naye akaanzishiwa kwa kupitisha siku. Mwongozo wa kule, uliotolewa na taasisi yao ya NICE mwaka 2021, unamtaka mhudumu amweleze mama mapema kwamba uchungu wa kuanzishiwa huenda ukauma kuliko unaokuja wenyewe, na wazungumze ni nini atapewa cha kuutuliza. Basi akaelezwa, akauliza maswali yake, akakubali. Maumivu yalipozidi akaomba epidurali, akawekewa, akapata hata lepe la usingizi, kisha akazaa kwa kusukuma. Nilipokuwa namsikiliza kwenye simu sikuanza kwa kumwonea wivu sindano yake. Nilimwonea wivu yale maelezo, ambayo hayagharimu hata shilingi.

Ninyi wataalamu mnajua kwa nini uchungu wa dripu unauma vile, ila barua hii itasomwa na wengine, kwa hiyo nitaeleza. Mwili wa mama ukitoa oksitosini yake wenyewe huitoa kwa vipindi, inakuja na kukatika, na mikazo inajijenga pole pole huku mlango wa kizazi ukilainika. Oksitosini ya dripu haikatiki. Inatiririka muda wote, na asipokuwepo mtu wa kuihesabu, mikazo inaweza kuzidi 5 ndani ya dakika 10. Mfuko wa uzazi unakosa muda wa kulegea, na mtoto, ambaye hupata hewa yake mfuko unapolegea, anaanza kuchoka. Ikizidi mno mfuko unaweza kuchanika, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi. Ndiyo maana dripu ya kuanzishia huanza na matone machache yanayohesabiwa kwa saa ya mkononi, yakaongezwa kila nusu saa huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa.

Kisha kuna misoprostoli, kile kidonge cha kuanzishia uchungu. Dozi ya mdomo inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 25 kila baada ya saa 2, ilhali kidonge kilichozoeleka kina 200. Kukigawa mara nane kwa wembe ni kubahatisha: kipande kimoja kinatoka na dawa nyingi, kingine kinabaki vumbi. Kukiyeyusha kizima katika mililita 200 za maji na kumpa mama mililita 25 kunahitaji chupa safi na kikombe cha kupimia, basi. Mkunga anayefanya hivyo ameshapunguza maumivu kabla hajagusa dawa yoyote ya kutuliza, kwa sababu sehemu ya kilio tunachokisikia leba ni dozi iliyozidi.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, wahudumu wa leba na watafiti wa mradi wa PartoMa walitengeneza kijitabu kifupi cha kuongoza uzazi kinacholingana na hali halisi ya wodi yao, wakaambatanisha na mafunzo mafupi ya mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha watoto waliozaliwa wafu wamepungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000, na dripu za kuongeza uchungu nazo zikapungua. Nilipoyasoma nilijiuliza kwa nini kijitabu kile hakijatundikwa kwenye kila leba kuanzia Mtwara hadi Bukoba.

Sasa niingie kwenye epidurali yenyewe, ambayo wapo wanaoiita anasa ya Wazungu. Kutuliza uchungu kwa dawa si jambo la jana: daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwatuliza wazazi kwa klorofomu mwaka 1847, na 1853 Malkia Victoria alivuta hiyo hiyo, akihudumiwa na daktari John Snow, alipomzaa mwanawe Leopold. Ni 1906 ndipo Henry Dale alipoonyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kwenye tezi ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi, na oksitosini ya kutengenezwa maabara ikapatikana 1953 kwa kazi ya Vincent du Vigneaud, aliyepewa Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye. Kwa kalenda, basi, dawa ya kutuliza uchungu iliitangulia dawa ya kuuanzisha kwa zaidi ya nusu karne. Kwenye leba zetu imefika ile ya nyuma, imezoeleka kama chumvi jikoni, na ile ya mbele bado tunaambiwa tusiwe na haraka.

Epidurali ni mpira mwembamba unaopitishwa kwa sindano kati ya pingili za mgongo wa chini na kuachwa pale, kisha ganzi kama bupivakaini, mara nyingi pamoja na fentanili, inatiwa kidogo kidogo. Mama anabaki macho, anazungumza, na akifika wakati wake anasukuma. Ni ndugu wa sindano ya mgongo inayochomwa mara moja kabla ya upasuaji, lakini si hiyo. Uvumi wa mtaani kwamba ukichomwa mgongo utaumwa mgongo hadi kaburini haujapata nguvu kwenye tafiti. Kinachotokea kweli, kwa mama mmoja hivi katika kila 100 au 200, ni kichwa kuuma vibaya kwa siku kadhaa pale sindano inapotoboa utando uliotakiwa kuachwa. Presha inaweza kushuka. Miguu inaweza kuwa mizito na kusukuma kukachukua muda zaidi. Lakini mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane mwaka 2018 hayakuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji, na hiyo ndiyo hofu niliyoisikia zaidi, tena kwa wahudumu wenyewe.

Mtasema hatuna watu. Ni kweli, madaktari bingwa wa usingizi ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Epidurali inataka mtu wa kubaki karibu, kupima presha, kuongeza dozi, kugundua mapema mambo yakienda kombo. Sidai kila zahanati iwe nayo. Lakini zahanati haitakiwi kuanzisha uchungu pia. Mahali pa kuanzishia uchungu ni pale penye uwezo wa kupasua endapo mtoto atachoka, na penye uwezo wa kupasua panatakiwa kuwa na mtu anayejua ganzi ya mgongo, dawa yenyewe, kipimo cha presha na oksijeni. Orodha ya hospitali za kuanzia, kwa hiyo, mnayo tayari mezani. Muhimbili, Bugando, KCMC, Benjamin Mkapa, kisha hospitali za rufaa za mikoa moja baada ya nyingine kadiri watu wanavyofundishwa. Kinachokosekana ni agizo linalosema kwamba palipo na dripu ya kuanzishia lazima pawe na mpango wa maumivu, umeandikwa kwenye faili la mama kabla dripu haijafunguliwa.

Tena si lazima muanze na kila anayeomba. Anzeni na mama mwenye presha aliyeanzishiwa, kwa sababu kwake epidurali inasaidia hata presha isipande zaidi kwa maumivu, mradi chembe sahani za damu zimepimwa na kukutwa zinatosha.

Na kuna mama ambaye naomba atangulizwe mbele ya wote. Ni yule ambaye mtoto wake amefia tumboni. Naye anaanzishiwa, kwa vidonge hivyo hivyo, katika wodi hiyo hiyo, akisikia vichanga vya wenzake vinalia upande wa pili wa pazia, kama pazia lipo. Mikazo yake haijui kwamba hakuna wa kupakatwa. Inauma vile vile. Sababu kubwa ya kuogopa dawa kali kama pethidini leba ni kwamba inaweza kumlevya mtoto asipumue vizuri akizaliwa. Huyu mama hana mtoto wa kulevywa. Sasa ananyimwa kwa sababu gani? Niliwauliza wakunga wawili ninaofahamiana nao. Mmoja alinyamaza. Mwingine akasema haijawahi kuagizwa. Basi iagizwe. Hili halihitaji bingwa kutoka nje wala mashine mpya. Linahitaji saini ya daktari wa zamu, ufunguo wa kabati la dawa, na mtu wa kumwangalia mama baada ya kuchomwa. Na akipatiwa chumba chake au hata kona yake, mtakuwa mmemhurumia mara mbili.

Najua mnapambana pia na ukaidi usio wa kitabibu. Sisi wenyewe wanawake tumefundwa na makungwi kwamba kulia leba ni aibu, na mama mkwe atataka kujua kama mkaza mwana alijikaza. Wapo wanaosema maumivu ya uzazi yameandikwa. Jirani yangu Mkristo hunitajia Mwanzo sura ya 3. Mimi Mwislamu humtajia Surat Maryam: Bi Mariamu uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani bora angekufa kabla ya hayo, na alichojibiwa ni faraja, kijito cha maji chini yake na tende mbivu za kula. Hakukemewa kwa kulalamika. Alipata pa kushika, maji, chakula na sauti ya kumtuliza, na nawaomba waganga wakuu wa mikoa wahesabu ni leba ngapi chini yao mama anavipata vyote vinne.

Hiyo sauti ya kumtuliza si jambo dogo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua yanasema mama mwenye afya njema akiomba kutulizwa maumivu, epidurali ni mojawapo ya njia, na dawa za kundi la opioidi ni nyingine. Yanataja pia kukandwa mgongo na kiuno, vitambaa vya moto, mbinu za kupumua, na kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Kigoma walilijaribu hili la mwisho. Taasisi ya Thamini Uhai, ikifanya kazi ndani ya vituo vya serikali, iliwaruhusu wazazi kuingia leba na mwenza waliyemchagua, kwa kawaida mwanamke wa familia. Si Geneva hiyo, ni Kigoma. Kwa hiyo mnapotuambia wodi haina nafasi, tunajua kuna wodi zisizo na nafasi zilizoweza. Mama anayeanzishiwa ndiye anayemhitaji mtu huyo zaidi, maana anaweza kukaa hapo mchana na usiku kabla njia haijafika popote, na mkunga mmoja hawezi kumshika mkono kila aliye mbele yake.

Dada zangu wakunga, msione nawasahau. Nilimwona mmoja wenu usiku ule wa kuanzishiwa kwangu akitoka kitanda hadi kitanda, kandambili zimelowa, chai yake imepoa dirishani, hajapata pa kukaa. Alinifokea. Alfajiri alinifuta uso kwa khanga yangu mwenyewe akanipa pole. Sina kinyongo naye. Mtu mmoja akipewa dripu tano za kuhesabu kwa wakati mmoja, atahesabu zipi? Hilo si la kumuuliza yeye, ni la kuwauliza wanaopanga ikama, na ndiyo maana jina la Wizara liko juu ya barua hii kabla ya lenu.

Nimalizie na fedha. Zipo hospitali binafsi Dar es Salaam ambako epidurali inatolewa kwa anayeweza kulipa, na anayelipa haulizwi kama ni mvivu wa kuvumilia. Sera ya Afya ya 2007 iliahidi huduma za wajawazito bila malipo katika vituo vya umma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na kitita cha huduma ndicho kitakachoamua nani anapata nini. Naomba kutuliza maumivu ya uzazi, hasa ya uchungu ulioanzishwa, kuandikwe ndani ya kitita hicho kwa jina lake, kusiachwe kuelea chini ya huduma nyingine mpaka mama akifika dirishani aambiwe bima haitambui. Tusiingie kwenye mfumo mpya na mgawanyo ule ule wa zamani, mwenye kipato akizaa kwa ganzi, asiye nacho akizaa kwa nasaha.

Wizara, toeni waraka. AGOTA na TAMA, msiusubiri waraka. Mnayo mikutano yenu ya kisayansi na mnayo sauti darasani, kwa hiyo mwanafunzi wa ukunga anayehitimu mwaka huu atoke akijua kupima maumivu na kuyaandika kama anavyoandika presha. Na leo hii, kabla ya zamu ya usiku kuanza, kila mkunga na kila daktari anayeshika kidonge cha kumwanzishia mtu uchungu amwambie kwanza mambo matatu: dawa hii ni ipi, itakuuma kiasi gani, na ikizidi tutakupa nini. Kama la tatu halina jibu katika hospitali yenu, mwambieni hivyo pia, kisha mtuandikie sisi wananchi mnahitaji nini ili lipate jibu.

Wenu,
Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam